Usukani wa Mikono Minne

Wanakwaya wa mwambao wetu, tangu Majita hadi Musoma mjini, kila tukipaki kwenye uwanja wa kanisa mnatuuliza swali moja: basi lenu limepatwa na nini, mbona siku hizi linageuka kama baiskeli? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja huku nina pini mdomoni. Naandika mara moja, msome wote, kisha mje mpimwe.

Kwa wasiotujua, mimi ni Mama Magesa, fundi cherehani. Mume wangu, Baba Magesa, aliendesha mabasi ya abiria tangu ujana wake, na alipoacha kazi hiyo alikuja nyumbani na basi moja kuukuu ambalo hakuna mwingine aliyelitaka. Tuling'oa viti, tukabakiza cha dereva na kimoja cha abiria mbele. Tukafunga cherehani zangu za miguu sakafuni kwa skrubu, meza ya kukatia ikakaa katikati, kitanda nyuma, jiko la gesi karibu na mlango. Tangu hapo tunazunguka parokia na sharika za kando ya ziwa tukishona majoho ya kwaya. Tunapima watu, tunakata, tunashona hapo hapo uwanjani, na Jumapili watu wanaimba wakiwa wamevaa. Kazi hii imetulea. Imetufanya pia tupendane kuliko enzi zile alipokuwa akipita nyumbani kubadilisha shati tu.

Kitu kimoja kilitusumbua tangu mwanzo, nacho ni usukani. Basi letu lilikuwa na usukani wa zamani, unaogeuzwa kwa nguvu za dereva mwenyewe bila msaada wowote. Likiwa kwenye kasi barabara kuu, hakuna tatizo. Lakini likiwa polepole, kwa mfano kuingia kwenye geti la kanisa au kugeuza kwenye uwanja mdogo, kuuzungusha ule usukani kulikuwa kama kukamua blanketi lililoloa. Na blanketi lililoloa, mnajua wenyewe, hukamuliwa na watu wawili.

Basi tukabuni namna yetu. Mimi nasimama kushoto kwake, nyonga nimeiegemeza kwenye boneti la injini, ambalo kwenye basi letu liko humo ndani kando ya dereva, mikono yote miwili kwenye usukani karibu na ya kwake. Baba Magesa, ambaye ni mtu wa besi, anatuanzisha kama mwalimu wa kwaya: "Tatu, nne." Tunavuta. Tunapumua. "Tatu, nne." Tunavuta tena. Watoto wa maeneo mengi walikuwa wakitujua kwa hesabu hiyo kabla hawajatujua kwa majoho.

Mwaka huu bega lake la kulia likagoma. Tulikuwa Bukima, tumemaliza kugeuza uwanjani, akashindwa kuuinua mkono avue shati. Ilibidi nifumue mshono wa bega ndipo shati likatoka, na yeye ametazama pembeni kama mtoto anayechomwa sindano. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea na usukani ule, mkono huo utabaki wa kubebwa.

Hapo ndipo mwanetu Magesa alipoingia. Magesa anatupenda, hilo sitaki mlitilie shaka. Alitutafutia mteja, kijana anayetaka basi aliweke karibu na uwanja wa mpira, alitoe magurudumu, alikalishe juu ya mawe na kukaangia chipsi ndani. "Mmefanya kazi vya kutosha," alituambia. "Kaeni nyumbani mpumzike." Nilitaka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati mmoja.

Mwenyekiti wa kwaya mmoja ndiye aliyetuambia kwamba Buhongwa, kule Mwanza, kuna fundi anayebadilisha usukani mgumu kuwa wa pawa, yaani mwepesi unaosaidiwa na injini. Tukamweleza Magesa. Alifikiri sana, akasema: "Nendeni mkajaribu. Ila huyo fundi akishindwa, baba usiliendeshe kurudi. Liacheni huko huko, mteja atalifuata, nyie mpande basi la abiria mje." Tulikubali. Ndiyo maana safari hii ilikuwa ama ya kwenda kulitengeneza basi letu, au ya kulizika.

Asubuhi ya kuondoka, Magesa alishauri tuzifungue cherehani tuziache nyumbani, kwa kuwa huenda basi lisirudi. Baba Magesa alisema bisibisi imepotea. Tuliitafuta nyumba nzima, hata chini ya ndoo. Tulipokuwa tumeshatoka Bweri kwetu na kushika lami, niliona kitu kinamchomoza mfukoni. Ilikuwa bisibisi. Nikamwonyesha mbuzi waliokuwa wanavuka.

Bunda tulisimama kunywa chai ili bega lipate nafuu. Kutoka pale tulipopaki kulihitaji kona kali, kwa hiyo nikasimama mahali pangu, tukaanza: "Tatu, nne." Tulikuwa katikati ya kuvuta mara ya pili wakati askari wa barabarani, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliponyoosha mkono.

"Shikamooni wazee wangu," alisema akichungulia dirishani. "Nani anaendesha hili gari?"

"Mimi," akajibu Baba Magesa.

"Na mama?"

"Ananisaidia."

"Leseni ya kusaidia anayo?"

Askari alizunguka, akaona majoho yaliyotundikwa ndani, akauliza kola ile ya kijani inakaaje bila kukunjamana. Nikamweleza. Naye akatueleza sheria, taratibu, kama mtu anayewasomesha wazazi wake mwenyewe. Mwisho akasema, "Mama, kaa kwenye kiti ufunge mkanda. Na huko mnakokwenda, mwambieni fundi asiwarudishe kwangu hivi." Baba Magesa akaondoka akiendesha peke yake, ameuma meno mpaka tulipopata kasi.

Karibu na Lamadi barabara inapita kati ya hifadhi, kushoto, na ziwa, kulia. Nyani mmoja mkubwa alikuwa amekaa katikati ya upande wetu anakula ganda la tikiti. Magari mengine yalimkwepa kushoto na kulia. Sisi tulimsubiri. Kumkwepa kwa mwendo ule kungetaka mikono minne, na mimi nilikuwa nimefungwa mkanda kwa amri ya serikali. Nyani alituangalia, akala, akatuangalia tena. Baba Magesa aliegemeza kichwa kwenye kiti akaanza kucheka, nikacheka na mimi, mpaka machozi. Kwa muda ule tulisahau bega, chipsi na mawe.

Magu tulifika njaa inauma. Kando ya barabara palikuwa na mama anayeuza wali, na nyuma ya meza zake lilisimama basi bovu, halina magurudumu, limekalia magogo. Ndani yake kulikuwa na magunia ya mpunga hadi madirishani.

"Kalibuni, kaeni hapa kwenye kivuli," alituita yule mama, na kivuli chenyewe kilikuwa cha lile basi.

Baba Magesa alikaa akilipa mgongo lile basi. Alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo siku nyingine angelichekea. Nikamuuliza kama analijua gari lile.

"Ni mdogo wa basi letu," alisema bila kugeuka. "La kampuni ile ile, ila lilitoka baadaye. Hayo yaliletwa kwa ajili ya madereva wavivu."

Kisha akawa anasogeza punje za wali kwenye sahani. "Unajua ninachoogopa?" akasema. "Siogopi kupumzika. Naogopa kukaa sebuleni, wewe umetoka kwenda kushonea watu huko Majita kwa gari la watu, na mimi naangalia ukuta mpaka urudi. Tumeshakaa hivyo miaka, mimi njiani wewe nyumbani. Sitaki tena."

Nilimwongezea mchuzi.

Kisesa hatukunyoosha kuingia Mwanza mjini. Tulikata kushoto kwa barabara ya Usagara ili tuepuke misongamano, na kona ile ya Kisesa tuliikata wawili, mkanda nimeufungua, Mungu anisamehe na yule askari pia. Jioni, jua likiwa bado lipo, tukaingia Buhongwa.

Gereji ya Fundi Shabani iko nyuma kidogo ya barabara ya Shinyanga, kiwanja kipana chenye vyuma vya kila aina, na nyumba yake iko humo humo. Fundi ni mtu wa makamo, mnene, anaongea na magari kuliko na watu. Alitusalimia kwa shikamoo, mke wake Mama Zuhura akatoka na maji ya kunywa, na kabla hatujayamaliza fundi alikuwa ameshapanda basi na kukaa juu ya boneti la injini.

"Twendeni," alisema.

"Wapi?" aliuliza mume wangu. "Ndiyo kwanza tunafika."

"Mimi gari siifungui kabla mwenyewe hajaniendesha. Twende mpaka pale mbele turudi. Endesha kama unavyoendesha siku zote, mzee, usinionee haya."

Ikabidi nisimame mahali pangu, fundi akajisogeza kunipisha. Kwenye geti tukahesabu, kwenye njia panda tukahesabu, kugeuza tukahesabu mara nyingi mpaka jasho. Fundi Shabani aliangalia mikono yetu tu. Tuliporudi alishuka, akajipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu, akauliza, "Mmefanya hivi muda gani?"

"Tangu tulinunue," nilisema.

"Basi hamna haja ya kugombana tena maishani, ugomvi wote mmeumalizia kwenye huu usukani." Kisha akatueleza. Atatoa boksi la zamani la stelingi, lile linalopokea nguvu kutoka usukani na kuipeleka kwenye matairi, aweke lingine linalosukumwa na oili. Pampu itafungwa kwenye injini na kuzungushwa kwa mkanda, nayo itaisukuma oili kwenye mipira mpaka kwenye boksi. "Injini ndiyo itakayovuta," alisema. "Nyie mtakuwa mnaielekeza tu."

Siku zilizofuata tulikuwa wageni wa nyumba hiyo. Tulilala kwenye basi letu, lakini Mama Zuhura hakukubali niwashe jiko langu. Tulikula kwake, ugali na sato, mara nyingine maharage ya nazi, na wakati wao wa swala ulipofika mume wangu alizima redio yetu bila kuambiwa. Mama Zuhura alipoona cherehani zangu alipotea ndani, akarudi na mapazia, sare za shule na gauni lililombana tangu harusi ya mdogo wake. Nikashona. Tulipiga soga kiasi kwamba nilijua habari za ukoo wake wote, wa Ujiji, wa Tabora, na wa shemeji anayetengeneza fenicha kule Nyegezi.

Fundi alipata boksi Igoma, kutoka lori lililochinjwa liuzwe vipuri. Akalifunga, pampu ikafungwa, oili ikamiminwa. Baba Magesa akakaa kwenye kiti na kuwasha injini. Akauzungusha usukani kwenda kulia, polepole, na uso wake ukafunguka, kwa kuwa ulikuwa mwepesi. Mimi nilikuwa nje naangalia matairi. Matairi yalikwenda kushoto.

"Rudia," alisema fundi.

Akazungusha kushoto. Matairi yakaenda kulia.

Fundi Shabani alikaa juu ya tairi bovu akajishika kichwa. Lile lori lilikuwa limetoka nchi za jirani ambako dereva hukaa upande wa kushoto, na boksi lake linafanya kazi kinyume na letu. "Kosa langu," alisema. "Nililiona jipya jipya nikafurahi, sikuuliza lilikotoka." Alikwenda kutafuta lingine mjini, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena Igoma, akarudi vilevile. Yaliyokuwepo yalikuwa ya malori makubwa mno, au yamekufa kabisa. La zamani nalo alikuwa ameshalikata ili atoe shafti. Kwa hiyo basi letu lilikuwa limekaa pale, halina usukani mgumu wala mwepesi.

Mchana huo niliingia kwenye basi nikamkuta Baba Magesa amepiga magoti karibu na cherehani yangu. Bisibisi ilikuwa mkononi, mkono wa kushoto, na skrubu ya kwanza ilikuwa imeshatoka imewekwa vizuri juu ya meza ya kukatia.

"Nimempigia Magesa," alisema. "Amwambie mteja aje."

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nilikaa kwenye stuli ya cherehani ile ile, nikachukua pazia la Mama Zuhura, nikaweka mguu kwenye pedali na kuanza kushona. Cherehani ikitembea huwezi kuifungua, utajikata. Akasubiri. Nikamaliza pindo, nikaanza jingine ambalo halikuwa na haja ya kushonwa.

"Mama Magesa."

"Nina kazi."

"Utashona mpaka lini?"

"Mpaka uirudishe hiyo bisibisi mfukoni."

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye meza, akiangalia mguu wangu unavyokwenda. Nilimpenda mpaka nikakasirika. Na katika hasira hiyo, sijui ilipitaje, nikaliona lile basi la Magu lenye magunia ya mpunga, na yeye anakula kwa kijiko amelipa mgongo. Nikasimamisha mguu.

"Baba Magesa, madereva wavivu maana yake nini?"

"Eeh?"

"Ulisema lile basi la Magu lililetwa kwa madereva wavivu. Uvivu gani?"

"Lilikuwa na pawa," alisema. Na hapo hapo akasimama, kwa haraka ambayo sijaiona kwake tangu bega liume, akatoka nje akimwita fundi.

Hakuwa amesahau. Alikuwa amelikataa tu. Hakutaka kulitazama gari lile, kwa sababu aliona ndani yake jinsi letu litakavyokuwa. Fundi Shabani alikwenda Magu alfajiri ya kesho yake na gari la jirani. Mama muuza wali alimwambia mwenye basi yuko shambani, wakamfuata huko huko. Jioni fundi akarudi amejaa vumbi la mpunga hadi kwenye nyusi, na boksi, pampu na vyuma vyake vya kufungia vimo ndani ya gunia. Mdogo mtu alikuwa amemtolea kaka yake.

Siku ya kulijaribu, nusu ya mtaa ilisimama kiwanjani. Baba Magesa akawasha, fundi akaangalia mipira kama inavuja, haikuvuja. Akageuza kulia, matairi yakaenda kulia. Watu wakapiga makofi. "Toka nalo," alisema fundi.

Nikapanda. Tukafika kwenye geti, panahitaji kona ya kushoto. Sijui niwaeleze vipi kilichotokea, maana hakuna kati yetu aliyefikiri. Nilisimama mahali pangu, nikaegemea boneti, mikono ikaenda yenyewe. Akasema, "Tatu, nne." Tukavuta kwa nguvu zetu zote, watu wawili tuliozoea kupigana na chuma, na usukani ule ulikuwa wa kuguswa kwa kidole. Basi lilizunguka kama limeitwa, likaacha geti, likapanda juu ya lundo la mchanga wa jirani anayejenga na kutulia hapo, pua juu.

Mama Zuhura akaanza kucheka, akajishika kwenye mlango wa nyumba yake asianguke, na kiwanja kizima kikamfuata. Jirani mwenye mchanga alicheka kuliko wote. Fundi Shabani alipanda akachungulia.

"Wazee wangu," alisema, "mikono miwili itoke. Chagueni ipi."

Tuliangaliana. Nikaitoa ya kwangu. Nikakaa kwenye kiti cha abiria nikafunga mkanda, bila askari yeyote kuniambia.

Kirumba ndiko fundi alikotaka tuende kwa majaribio ya kweli, kwa sababu, kama alivyosema, gari likipita Mwaloni, kwenye soko la samaki la huko, limepita mtihani. Tulipanda wote wanne. Baba Magesa aliliingiza lile basi kati ya mikokoteni ya samaki, akina mama wenye mabeseni na malori yanayopakia dagaa, akalipindisha huku na huku kwa vidole, mkono wa kulia amelegea kabisa. Alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa kijana yule niliyemwona kwa mara ya kwanza kwenye stendi ya Musoma, kofia kwa pembeni. Nilifurahi. Na humo humo ndani ya furaha nikaona wivu, wivu wa kipuuzi, wa usukani. Miaka yote ile alinihitaji kwenye kila kona. Sasa nilikuwa nimebeba mfuko wa dagaa.

Kabla hatujaondoka Buhongwa, Baba Magesa alinong'ona na fundi kwa muda mrefu, wakachomelea reli chini ya kiti cha dereva ili kiweze kusogea mbele na nyuma. Nikauliza reli ni ya nini. "Mgongo," alijibu. Mama Zuhura alitufungia chapati kwenye kitambaa, akanishika mikono akasema, "Mama Magesa, msisubiri usukani uharibike ndiyo mje." Nimemwahidi, na nitakwenda.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko ya kwenda. Magu Baba Magesa alisimamisha basi, akashuka, akalizunguka lile basi la mpunga lote, akaliwekea kiganja ubavuni. Karibu na Lamadi nyani hakuwepo, na nilisikitika kidogo, nilitaka amwone Baba Magesa anavyomkwepa. Bunda yule askari alituona, mimi nimefunga mkanda, mume wangu peke yake kwenye usukani, akatupungia mkono tupite. Baba Magesa aliendelea na mluzi wake. Mimi nilitazama ziwa. Alinitupia jicho mara kadhaa.

Nyumbani Bweri, wengi wenu mnaijua kona ya getini kwetu, ile kati ya ukuta na nguzo ya umeme. Hakuna mahali tulipohesabu zaidi. Magesa alikuwa amesimama pale pale kwenye nguzo, mikono nyuma, baada ya simu mbili kutoka kwa baba yake, ya kumwita mteja na ya kumfukuza. Majirani walitoka. Baba Magesa akasimamisha basi kabla ya kona, injini inanguruma taratibu.

"Njoo," aliniambia.

Nilifikiri bega limemrudia. Nikafungua mkanda haraka nikaenda kusimama mahali pangu. Lakini yeye alikuwa ameshainuka. Akanisogeza kwa kiuno, akapita, akasimama yeye karibu na boneti, nyonga imeegemea pale nilipopasugua kwa miaka hadi rangi ikatoka.

"Kaa," alisema.

"Leseni sina."

"Hapa ni kwetu."

Nikakaa. Miguu ilining'inia. Akainama, akavuta kijichuma chini ya kiti, na kiti kikateleza mbele kwenye ile reli ya mgongo mpaka nyayo zangu zikakanyaga pedali. Alinielekeza klachi, akaingiza gia yeye. Nikaweka mikono kwenye usukani.

Niliijua kona ile. Nilijua inaanzia wapi, unavuta wapi, unaachia wapi ili nyuma isiguse nguzo. Mikono yangu ilikuwa imeikata kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote, ila sikuwahi kukaa. Magesa akaruka mbali na nguzo. Nikamsikia akisema, "Mama?" kwa sauti ya alipokuwa mdogo.

"Tatu, nne," alihesabu Baba Magesa, pole pole, mikono ameifunga nyuma.

Nikageuza. Basi likaingia.

Nilichojifunza kwenye safari hii, kama mnataka niseme, ni kwamba kumbe miaka yote niliyodhani namsaidia mtu kuendesha, nilikuwa naendesha. Sasa nasoma udereva, na mwalimu wangu analalamika kwamba kila nikikata kona midomo inanichezacheza kwa kuhesabu. Mkituona tunaingia uwanjani kwenu na ile herufi nyekundu ya mwanafunzi kwenye kioo, msiogope, sogezeni watoto tu. Baba Magesa husimama karibu na boneti akihesabu. Na ule mkono wake wa kulia, ambao daktari alisema upumzike, ameulaza juu ya kiegemeo cha kiti changu.